Barabara Inapopinda

Kiangazi kile mvua ilipoisusa Wales,
nyasi za Ithel Pugh zilikauka kwa mstari:
mstari mmoja wa manjano, upana wa mikokoteni miwili,
ukipanda kutoka mtoni kama mtu aliyeitwa.
Ithel hakushangaa.
"Plau ya babu ilikuwa ikiruka hapo na kutoa cheche.
Tulidhani ni hasira za mlima."

Tukaja na kamba, vigingi, mabeleshi na miiko,
watu kumi na mmoja, birika moja la chai.
Heledd akakata handaki kukingamisha mstari,
kama unavyokata mkate uone kama umeiva ndani.
Ulikuwa umeiva: changarawe, chini yake kokoto,
chini ya kokoto mawe ya mto,
na chini kabisa fito zilizolazwa juu ya tope,
magome yake yangali meupe.
Juu ya changarawe, michirizi miwili ya magurudumu.
Nikaingiza kidole katika mmoja.
Kilienea.

Ngome yenyewe iko juu kwenye upepo,
pembe zake zimeviringwa kama za karata,
na kondoo wamelala langoni bila kuulizwa neno la siri.

Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki.
Wahenga hawakuchimba choo cha askari mia tano
kilichozibwa kwa udongo wa mfinyanzi.
Gethin alipotoboa tabaka la saba
tuliziba pua, tukacheka, tukakimbia,
kisha tukarudi mmoja mmoja, kimya.
Ndani ya ungo, chini ya maji ya bomba,
zilibaki mbegu za tini.
Tini haizai mlima huu. Mtu fulani
alikaa hapa, kwenye baridi hii, akala kwao.

Meurig, mpimaji wetu, ana imani na rula.
Alichora barabara kutoka mtoni hadi langoni,
barabara kwa maana zote mbili za neno,
akasema: chimbeni hapa.
Tukachimba. Udongo mtupu.
Siku tatu, udongo mtupu, na Meurig
akiifuta miwani yake kana kwamba kosa liko kwenye kioo.

Siku ya nne Heledd alikuwa akinywa chai ukutani.
Trekta la Ithel likapanda na majani ya kondoo,
likanyooka, likanyooka,
kisha likapinda kushoto, pasipo na kitu,
likarudi kwenye mstari wake.
"Mbona unapinda pale?"
"Baba alikuwa akipinda."
"Naye?"
"Alimfuata farasi."

Tukachimba alipopinda. Barabara ilikuwepo,
imepinda na mifereji yake yote miwili.
Na kile ilichokikwepa kilikuwa duara la mawe manane,
katikati chungu kimelazwa kifudifudi,
ndani majivu na jino moja dogo.
Chungu kilikuwa kizee tayari
siku Warumi walipoleta timazi zao.

Nani alikataa? Mhandisi aliyeshika kamba?
Au wenyeji waliobebeshwa mawe kwa vikapu,
wakaweka vikapu chini, wasiseme kitu?
Meurig aliandika: *mchepuko, mita nne, sababu haijulikani*.
Akakaa. Akalifuta neno la mwisho.
Akaliandika tena.

Jumamosi tukafukia. Udongo ulioutoa
haurudi wote shimoni, daima unabaki kichuguu,
na hakuna profesa aliyewahi kunieleza kwa nini.
Chungu kilipelekwa Cardiff ndani ya sanduku la sponji,
kimefungwa mkanda kiti cha nyuma, kama mtoto.
Ithel akalitazama gari hadi lilipovuka daraja.
"Sasa hakipo," akasema. "Nipinde, nisipinde?"
Heledd alijifanya anakunja turubai.

Usiku mvua ikarudi, mara ya kwanza tangu Mei.
Asubuhi nilipanda kufuata kigingi nilichokisahau.
Matairi yalikuwa yamepita alfajiri kwenye tope jipya,
yamenyooka, yamenyooka,
kisha kushoto.